Maumivu ya Kiuno: Neva Iliyobanwa au Misuli Iliyokaza?

Msimu wa maharage uanzapo katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, kazi ya jembe huanza kabla jua halijapanda. Mkulima huinama kwa saa nyingi, akipalilia kati ya migomba na mibuni, kisha jioni huteremka bondeni kuchota maji na kuupanda mlima akiwa na mzigo. Baada ya siku chache za namna hiyo si ajabu kusikia watu wakilalamikia kiuno. Wengi wao huyasahau maumivu hayo baada ya juma moja au mawili. Wachache, hata hivyo, huona maumivu yakiteremka hadi kwenye wayo, mguu ukifa ganzi na mwendo wao ukibadilika. Watu hao wote husema jambo moja tu: "Kiuno kinaniuma." Lakini yanayotendeka ndani ya miili yao ni mambo mawili tofauti, na yafaa yatofautishwe mapema.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika wilaya hizi mbili, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012. Kutoka Kayanga hadi Bukoba ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, na Hospitali ya Bugando iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Familia inayouza mbuzi, au inayouza kahawa ikiwa bado mbichi mtini, biashara ile ijulikanayo Kagera kwa jina la butura, ili kumsafirisha mgonjwa kwenda kupigwa picha asiyoihitaji, imepata hasara. Nayo familia inayomkanda nyumbani kwa majuma mengi mgonjwa ambaye mguu wake unazidi kulegea imepata hasara iliyo kubwa zaidi, kwa maana neva iliyobanwa muda mrefu huenda isirudie nguvu zake zote.

Neno "mshipa" na utata wake

Kiswahili cha kila siku huongeza ugumu kidogo. Bomba lipitishalo damu huitwa mshipa. Uzi upelekao habari kati ya ubongo na viungo huitwa mshipa, yaani mshipa wa fahamu. Kano ngumu iliyo juu ya kisigino nayo huitwa mshipa, na hata ngiri huitwa hivyo hivyo. Mgonjwa asemapo kwamba "mshipa umekamata", msikilizaji hawezi kujua ni kipi kati ya hivyo vyote kinachosemwa, na pengine mgonjwa mwenyewe hajui. Katika makala haya mshipa wa fahamu utaitwa neva, na neno misuli litatumika kwa ile minofu ikazayo na kulegea ili kuviendesha viungo.

Jengo la kiuno

Uti wa mgongo wa binadamu una pingili 33: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, tano zilizoungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na nne ndogo za kifandugu. Pingili tano za kiuno ndizo nene kuliko zote, kwa kuwa hubeba uzito wote ulio juu yake. Kati ya pingili na pingili pana diski. Ukingo wa diski ni nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu, na katikati yake pana kitu laini kama uji mzito. Mtu arukapo au abebapo mzigo, uji huo husambaza shinikizo pande zote, na nyuzi za ukingo hulizuia lisipasue.

Nyuma ya pingili na diski hizo pana mfereji upitishao ugwe wa mgongo, ambao ni mwendelezo wa ubongo. Ugwe wenyewe hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki fungu la mizizi ya neva tu, inayoning'inia ndani ya mfereji, na wataalamu wa zamani waliiita "mkia wa farasi" kwa jinsi ilivyofanana nao. Mizizi hiyo hutoka nje jozi kwa jozi kupitia matundu yaliyo kando ya diski. Baadhi yake huungana na kuwa neva ya siatiki, iliyo kubwa kuliko neva zote za mwili, unene wake ukikaribia ule wa kidole. Neva hiyo hupita ndani ya kitako, hushuka nyuma ya paja, kisha hugawanyika karibu na goti na kufika hadi vidoleni. Hivyo diski ya kiuno na kidole gumba cha mguu, ingawa viko mbali sana, ni majirani kwa njia ya neva.

Kila upande wa uti wa mgongo umesimama msuli mrefu kama mhimili. Misuli hiyo ndiyo izuiayo mwili usianguke mbele mtu ainamapo. Kiasi cha kazi iifanyayo hudhihirika kwa hesabu ndogo ya momenti ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia anaweza kuifanya. Na achukuliwe mtu mwenye uzito wa kilo 60 anayeinama kuinua dumu la lita 20 za maji. Maji hayo yana uzito wa nyutoni 200. Iwapo dumu liko sentimita 40 mbele ya diski ya chini ya kiuno, momenti yake ni 200 mara 0.4, yaani nyutoni-meta 80. Sehemu ya juu ya mwili wake, takriban kilo 30, ina uzito wa nyutoni 300, na kitovu cha uzito huo kikiwa sentimita 20 mbele ya diski, momenti yake ni 60. Jumla ni 140. Lakini misuli ya mgongo huvuta ikiwa umbali wa sentimita 5 tu nyuma ya kitovu cha diski, kwa hiyo ili kulipinga pindo hilo yapasa ivute kwa nyutoni 2,800. Hiyo ni kani iliyo sawa na uzito wa kilo 280, zaidi ya mara nne ya uzito wa mtu mwenyewe, na yote huigandamiza diski. Mtu huyo akichuchumaa, akalisogeza dumu hadi sentimita 20, na akauacha mgongo umesimama kiasi kwamba uzito wa kiwiliwili uko sentimita 5 tu mbele ya diski, momenti hushuka kuwa 55, na misuli huvuta kwa nyutoni 1,100 tu. Maji ni yale yale na mtu ni yule yule.

Katika nchi ambamo mkungu mmoja wa ndizi huweza kufika kilo 30 na kupita, gunia la kahawa huinuliwa begani, na wachimbaji wa madini ya bati kule Kyerwa hufanya kazi wameinama shimoni, hesabu hii haibaki ubaoni.

Misuli inapokaza

Kila aliyewahi kubanwa na misuli ya shavu la mguu usiku kitandani, au uwanjani wakati wa mpira, anajua mkakamao wa misuli ni nini. Msuli hukaza bila amri ya mwenyewe, huwa mgumu kama mti, na haulegei upesi. Jambo hilo hutokea pia kiunoni. Nyuzi chache za msuli au za kano hunyumbuka kupita kiasi au huchanika kidogo. Habari za jeraha hupelekwa na neva hadi kwenye ugwe wa mgongo, na kutoka huko hurudi amri, bila kusubiri idhini ya ubongo, kwamba misuli ya jirani ikaze ili sehemu iliyoumia isitikisike. Ni ulinzi wa namna ya gango. Kwa miaka mingi imeelezwa kwamba msuli uliokaza huibana mishipa yake yenyewe ya damu, hukosa oksijeni, huuma zaidi, na kwa kuuma huzidi kukaza. Ingawa vipimo vya umeme wa misuli havikuyathibitisha maelezo hayo kila mara.

Maumivu ya aina hii hukaa kiunoni. Huweza kuenea hadi kitakoni na hata sehemu ya juu ya paja, lakini kwa kawaida hayavuki goti. Mgonjwa akiulizwa yako wapi huweka kiganja kizima mgongoni, wala haonyeshi mstari. Ukimgusa kando ya uti wa mgongo utaukuta msuli mgumu wenye kuuma ubonyezwapo, na mara nyingine mwili mzima umepinda upande mmoja. Kugeuka kitandani humtaabisha. Akilala akatulia hupata nafuu. Lakini hafi ganzi, wala miguu yake haikupungukiwa na nguvu: akitembea huchechemea kwa sababu anaogopa maumivu, si kwa sababu mguu haumtii. Aghalabu siku chache hutosha kumwezesha kuinuka, na majuma machache hummalizia.

Neva inapobanwa

Ili kuelewa kwa nini ugonjwa ulio kiunoni huuma mguuni, yatosha kukumbuka mtu agongapo kiwiko chake kwenye ukingo wa meza. Kilichogongwa ni neva ipitayo nyuma ya kiwiko, lakini mshtuko kama wa umeme husikika kwenye kidole kidogo cha mkono. Ubongo hupokea habari kwa uzi fulani, na kwa kuwa siku zote uzi huo huleta habari za kidole, ubongo hudhani kwamba kidole ndicho kilichoumia. Vivyo hivyo mzizi wa neva ukiguswa kando ya diski ya kiuno, ubongo husema: unyayo unaungua.

Mguso huo hutokea hasa diski inapochomoza. Kwa kuinama na kujipinda mara nyingi, na kwa umri pia, nyuzi za ukingo wa nyuma huchoka na kupasuka, na ule uji wa ndani husukumwa nyuma kuelekea mfereji. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa mfuko mdogo wa nailoni uliojazwa maji na kufungwa, ukawekwa kati ya vitabu viwili vinene: akivigandamiza vitabu upande wa mbele, mfuko huvimba upande wa nyuma. Uji uliochomoza huubana mzizi wa neva, na zaidi ya kuubana huuwasha kwa kemikali zake hata ukavimba. Wagonjwa wengi ni watu wa umri wa miaka 30 hadi 50, yaani wale wale watunzao nyumba na mashamba. Kwa wazee njia huweza kuzibwa na mifupa iliyokua kandokando ya matundu, nao huumia wasimamapo au watembeapo na kupata nafuu wakikaa au wakiinama mbele.

Sababu hii haikujulikana siku zote. Maumivu ya neva ya siatiki yalielezwa kwa kirefu na tabibu wa Naples, Domenico Cotugno, mwaka 1764, lakini ilipasa kungoja hadi mwaka 1934 ndipo madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walipochapisha habari za wagonjwa waliopasuliwa na kuonekana kwamba diski iliyochomoza ndiyo iliyoibana mizizi ya neva zao.

Maumivu ya neva yana tabia zake. Hufuata mstari, na mgonjwa huuchora kwa kidole: kitakoni, nyuma au kando ya paja, chini ya goti, hadi wayo. Mara nyingi mguu huuma kuliko kiuno chenyewe. Wagonjwa huyafananisha na moto, umeme au kisu. Kukohoa, kupiga chafya na kujikamua chooni huyazidisha, kwa kuwa huongeza shinikizo ndani ya mfereji wa uti. Huandamana na ganzi au hisia ya sisimizi, na katika hali iliyozidi, na ulegevu wa misuli.

Mahali pa ganzi na ulegevu hutaja mzizi ulioguswa, na hapa elimu ya mwili huwa karibu na ramani. Ukibanwa mzizi wa nne wa kiuno, ganzi huwa upande wa ndani wa muundi, na goti likigongwa chini ya kifuu chake mguu haurukiruki kama ilivyo desturi. Ukibanwa mzizi wa tano, ganzi huwa juu ya wayo kuelekea kidole gumba. Mgonjwa hushindwa kukiinua kidole hicho kwa nguvu, na akiambiwa atembee kwa visigino, wayo huanguka. Ukibanwa mzizi wa kwanza wa chini ya kiuno, ganzi huwa ukingo wa nje wa wayo na kwenye unyayo. Kusimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja humshinda, na kano ya kisigino ikigongwa haijibu. Sehemu kubwa mno ya diski zinazochomoza kiunoni ni zile mbili za chini kabisa, kwa hiyo mizizi miwili iliyotajwa mwisho ndiyo ionekanayo kuumia zaidi.

Kuna jaribio moja la zamani lisilohitaji chombo chochote. Mgonjwa hulala chali, na mpimaji huinua mguu mmoja polepole, goti likiwa limenyooka. Mguu unapopita nyuzi 30 hivi, neva ya siatiki huanza kuvutwa na mizizi yake huteleza katika matundu kwa milimita chache. Mzizi ulio huru huteleza bila taabu, lakini uliobanwa hulalamika. Maumivu yakichoma hadi chini ya goti kabla ya kufika nyuzi 70, neva yashukiwa. Ikiwa kinachosikika ni mvuto tu nyuma ya paja, hiyo ni misuli ya paja iliyo mifupi, jambo la kawaida hata kwa wanafunzi wenye afya. Na ikiwa kuinuliwa kwa mguu mzima huamsha maumivu katika mguu mgonjwa, shaka yote hupungua sana. Jaribio hili huitwa kwa jina la Mfaransa Charles Lasègue, ingawa yeye mwenyewe hakuliandika. Liliandikwa na mwanafunzi wake Forst mwaka 1881, na mwaka mmoja kabla yake lilikuwa limekwisha elezwa na Laza Lazarević wa Serbia, tabibu ambaye kwao hukumbukwa zaidi kwa hadithi zake fupi.

Mambo yanapochanganyika

Ingekuwa rahisi kama kila mgonjwa angekuwa upande mmoja tu. Na wachukuliwe kwa mfano majirani wawili. Wa kwanza amepalilia siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne hawezi kuinuka, mgongo ni mgumu kama ubao, analia kwa uchungu. Wa pili ameinua dumu la maji majuma mawili yaliyopita. Kiuno kimekwisha tulia, anatembea, lakini mguu wa kushoto unawaka hadi wayo na ndara humvuka bila yeye kujua. Mtazamaji atamhurumia wa kwanza na kumwona wa pili kuwa amepona. Kumbe wa kwanza huenda akarudi shambani baada ya juma moja, na wa pili ndiye apaswaye kupimwa bila kuchelewa. Ukali wa maumivu si kipimo kizuri cha hatari.

Tena, neva iliyobanwa huweza yenyewe kuamsha mkakamao wa misuli, ili kiuno kisitikisike na kuizidishia taabu. Mgonjwa wa namna hiyo ana mambo yote mawili, na atakayeugusa mgongo tu bila kuuangalia mguu atasema ni misuli. Kwa sababu hiyo waganga wazoefu huanza na maswali juu ya mguu: maumivu yafika wapi, pana ganzi, je, visigino na ncha za vidole vyabeba mwili?

Wala si kila mguu unaouma unaumwa na kiuno. Nyonga iliyosagika huuma kwenye kinena na paja. Mishipa ya damu iliyoziba huuma mtu atembeapo na kutulia asimamapo. Karagwe yenyewe ina mgonjwa maarufu katika historia. Wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Mfalme Rumanika huko Bweranyange mwezi wa Novemba 1861. Speke alipoendelea na safari kwenda Buganda mwanzoni mwa mwaka 1862, Grant alibaki nyuma kwa sababu mguu wake ulivimba na kutoa usaha, asiweze kutembea, hata akaondoka Aprili mwaka huo akibebwa. Uvimbe na kidonda si dalili za neva. Waandishi wa tiba wa siku za baadaye wamedhani huenda kilikuwa kidonda cha Buruli.

Yako pia maradhi yajifichayo nyuma ya maumivu ya kiuno. Kifua kikuu huweza kula pingili za uti polepole, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, mpaka nundu itokeze mgongoni. Katika nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu kama hii, ugonjwa wa brusela haufai kusahauliwa: huambukizwa kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kuhudumia mnyama aliyetupa mimba, na huleta homa ijayo na kwenda pamoja na maumivu ya viungo na kiuno. Figo nazo huuma juu kidogo ya kiuno, upande mmoja, pamoja na homa au mkojo wenye taabu. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka mtini au kwenye pikipiki, yasiyopungua hata mtu alalapo, au yaliyompata mtu aliyewahi kuugua saratani, yanahitaji uchunguzi.

Lakini ipo hali moja ambayo haingoji hata kesho yake. Diski kubwa ikichomoza katikati, huweza kuubana ule mkia wa farasi wote kwa pamoja. Mgonjwa hufa ganzi mahali pa kukalia, yaani kwenye msamba na sehemu za siri. Mkojo hukataa kutoka au hutoka bila habari. Choo kubwa haijizuii. Miguu yote miwili hulegea. Hapo hesabu ni ya saa. Mgonjwa hupelekwa hospitali iliyo karibu, iwe Nyakahanga kwa upande wa Karagwe au Isingiro kwa upande wa Kyerwa, ili apewe rufaa kwenda kwenye upasuaji haraka. Wengi huona haya kutaja habari za mkojo na msamba, hasa mbele ya wakwe na watoto, na haya hiyo imewagharimu watu uwezo wao wa kujizuia maisha yao yote. Ni wajibu wa anayemhudumia kumwuliza waziwazi.

Picha na tiba

Watu wengi huamini kwamba picha itamaliza ubishi. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa. Neva na diski hazionekani humo. Mashine za usumaku huzionyesha vizuri, lakini huonyesha kupita kiasi. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga picha hizo watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya kiuno. Asilimia 52 kati yao walikuwa na angalau diski moja iliyovimba, na asilimia 27 walikuwa na diski iliyochomoza. Kwa hiyo picha yenye diski iliyochomoza haithibitishi kitu mpaka ilingane na mguu wenyewe, ganzi mahali pake na ulegevu mahali pake. Picha humfaa yule ambaye ana dalili za hatari, au ambaye upasuaji unafikiriwa.

Kuhusu tiba, zamani wagonjwa waliamriwa kulala kitandani majuma mazima. Mwaka 1995 ilichapishwa habari ya jaribio la Helsinki, Ufini, ambako wafanyakazi 186 wa mji huo wenye maumivu makali ya kiuno waligawanywa katika makundi matatu: la kwanza lililala siku mbili, la pili lilifanya mazoezi maalumu ya mgongo, la tatu liliendelea na shughuli za kila siku kadiri maumivu yalivyoruhusu. Kundi la tatu lilipona upesi kuliko mengine. Kwa misuli iliyokaza, basi, joto la kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, kutembea kidogo kidogo na dawa ya maumivu kwa siku chache hutosha. Dawa za aina ya ibuprofeni na diklofenaki zina madhara kwa tumbo na figo zitumiwapo mfululizo, na kuzinunua dukani mwezi baada ya mwezi bila ushauri ni hatari.

Hata neva iliyobanwa, ambayo haijalegeza mguu, kwa wengi hupata nafuu ndani ya majuma sita hadi 12 bila kisu, kwa maana mwili wenyewe huushambulia na kuula ule uji uliochomoza. Upasuaji ni wa wale ambao mguu wao unalegea au maumivu yao yamekataa kuondoka. Hufanywa katika hospitali kubwa, miongoni mwao Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Jambo lisilofaa kabisa ni kumlaza mgonjwa kifudifudi na kumkanyaga mgongoni, au kuuvuta na kuupinda mguu ulio na ganzi. Msuli uliokaza huenda ukavumilia vitendo hivyo, lakini diski iliyopasuka huweza kusukumwa zaidi.

Swali la mwisho ni juu ya mzigo wenyewe, kwani maji lazima yapande mlima. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba kwa ukanda wa kipaji cha uso. Ilionekana kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya oksijeni hata kidogo. Uchunguzi wa mwaka 1995 ulieleza kwamba mwendo wao, mfano wa pendulamu, hupoteza nishati kidogo kuliko mwendo wa watu wengine. Mzigo ulio kichwani umesimama juu ya diski zenyewe, kwa hiyo momenti yake kiunoni ni ndogo mno. Taabu huwa wakati wa kuutwika na kuutua. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12, na dumu la lita 20 ni theluthi ya uzito wake. Madumu mawili ya lita 10, yakibebwa kwa safari mbili, huchukua muda mrefu zaidi, nayo njia ya bondeni ni ndefu. Lakini kila moja huweza kutwikwa bila kukipinda kiuno, hata pale kisimani ambapo hakuna mtu wa kumsaidia mbebaji kutwika.